Kuongoza platuni ukiwa bado chuoni: mwongozo kamili kwa kadeti wa ROTC

Afisa wa jeshi la nchi kavu la Marekani hupatikana kwa njia kadhaa. Kuna chuo cha West Point, kuna kozi ya maofisa kwa waliokwisha kupata shahada, na kuna ROTC (Reserve Officers' Training Corps), mpango wa kufundisha maofisa ndani ya vyuo vya kiraia, ulioanzishwa kwa sheria ya ulinzi ya mwaka 1916. Katika ROTC kijana husoma shahada yake ya kawaida, iwe uhasibu, uuguzi au historia, na papo hapo hufundishwa uafisa. Aliyezoea habari za Monduli au Lanet, ambako afisa mwanafunzi huishi chuo cha jeshi akiwa tayari ni mwanajeshi, alishike hilo kwanza. Kadeti wa ROTC alfajiri yuko uwanjani na kombati, mchana yuko maktaba na wenzake raia. Saa anazopewa kuongoza watu ni chache mno.

Wengi hutumia saa hizo chache kujenga sauti na misuli. Vyote vina kazi yake. Lakini kinachowaangusha makadeti mara nyingi ni kwamba watu wao hawajui wafanye nini, saa ngapi, na kwa sababu gani. Mwongozo huu umeandikwa hasa kwa ajili ya jambo hilo, na mengine tutayapitia kwa kadiri yanavyolisaidia.

Kabla ya kusaini

Masomo ya miaka miwili ya mwanzo huwa wazi kwa wanafunzi wengi bila kuwafunga na jeshi, isipokuwa aliyepokea ufadhili. Miaka miwili ya mwisho inahitaji mkataba. Mkataba huo unadai uraia wa Marekani, na hapa vijana wengi wa familia zilizotoka Tanzania, Kenya au Kongo hukwama: mwenye kadi ya kijani anaweza kuhudhuria darasa, ila hawezi kutunukiwa kamisheni. Kama maombi yako ya uraia yako njiani, mweleze ofisa wa uandikishaji wa ROTC chuoni kwako tangu siku ya kwanza, uje na nakala za karatasi zote, usisubiri mwaka wa tatu.

Kamisheni inakufunga kwa miaka 8 ya utumishi kwa jumla. Aliyepata ufadhili kwa kawaida hutumikia miaka 4 ya kwanza jeshini moja kwa moja, na inayobaki katika akiba. Zungumza na wazazi mapema kuhusu hilo. Mzazi aliyekimbia vita anapoona mwanawe na kombati ana maswali ya haki, na yanastahili majibu yenye tarehe na idadi ya miaka.

Uchunguzi wa afya huchukua muda mrefu kuliko watu wanavyodhani. Pumu ya utotoni, mfupa uliovunjika au miwani yenye nguvu kubwa vyote huulizwa. Sema kweli na tafuta cheti cha daktari aliyekutibu, hata kama yuko Mwanza au Goma.

Miaka miwili ya kwanza: kujifunza kuongozwa

Kadeti wa mwaka wa kwanza na wa pili ni askari wa kawaida ndani ya sekshini. Sekshini ya Marekani ina watu 9: kiongozi mmoja na timu mbili za watu wanne wanne. Kila timu ina kiongozi, mwenye bunduki ya kawaida, mwenye kirusha-guruneti na mwenye bunduki ya rashasha. Shika nafasi zote nne kwa zamu. Ukija kuwa kiongozi utajua kwamba mwenye rashasha amechoka kabla ya wenzake kwa sababu mzigo wake ni mzito, nawe utampa nafasi ya kupumua kabla hajaomba.

Tembea na daftari dogo lisiloharibika kwa maji na kalamu mbili. Kila amri unayosikia, iandike, kisha jiulize ungeweza kuirudia kwa mwenzako aliyekuwa chooni. Kama huwezi, tafuta ni sehemu gani aliyetoa amri aliiruka. Ukifanya hivyo miaka miwili, utafika mwaka wa tatu ukiwa umesikia makosa mengi ya wengine bila kulipia hata moja.

Jambo moja la lugha. Katika majeshi yetu ya Afrika Mashariki, afande ni neno linalomtosha karibu kila mkubwa. Huku sivyo. Afisa huitwa "sir" au "ma'am", sajenti huitwa kwa cheo chake. Ukimwita sajenti "sir" atakurekebisha mbele ya watu, kwa kuwa yeye anajivunia kwamba kazi yake si ya uafisa.

Mwili, kwa ufupi

Tangu Juni 2025 jaribio la mwili lina sehemu tano: kunyanyua chuma mara tatu kwa uzito wa juu unaouweza, push-apu za kuinua viganja kila kifua kinapogusa chini, mbio za mita 50 mara tano zenye kukokota na kubeba mizigo, kujishikilia kwa viwiko, na kukimbia maili 2, yaani km 3.2. Kila sehemu inataka angalau alama 60. Walio wengi hushindwa kwenye mbio, si kwenye chuma, kwa hiyo kimbia mara tatu kwa wiki kuanzia mwezi wa kwanza. Kama hujui kuogelea, jiandikishe kwenye bwawa la chuo mwaka huo huo wa kwanza, maana vyuo vingi hupima uwezo wa majini na woga wa maji hautoki kwa wiki moja.

Kutembea na shanta, yaani mkoba wa mgongoni, ndiko kunakohitaji subira. Anza na kilo 9 kwa km 5, ongeza kilo mbili kila baada ya wiki mbili, hadi ufikie kilo 16 na km 19. Vitu vizito vikae juu, karibu na mgongo. Vikikaa chini vitakuvuta nyuma, utainama, na maumivu ya kiuno yataanza kabla ya km 8. Soksi kavu jozi mbili, poda ya miguu, na viatu ulivyovivaa angalau mwezi mzima. Lengelenge moja kisiginoni linaweza kumtoa kiongozi kwenye zoezi la siku nne.

Ramani na dira

Hapa ndipo kadeti hupimwa akiwa peke yake, hivyo hakuna wa kumsitiri. Ramani ni ya 1:50,000, kwa hiyo sentimita 2 kwenye karatasi ni kilomita 1 ardhini. Gridi ya tarakimu nane inakuonyesha mahali kwa usahihi wa mita 10.

Pima hatua zako. Weka kamba ya mita 100 kwenye uwanja tambarare, tembea ukihesabu mguu wa kushoto tu. Wengi hupata kati ya 60 na 70. Kisha rudia msituni, mlimani, na usiku, ukiwa na shanta, kwa sababu idadi itapanda. Andika namba zote nne ndani ya kofia.

Kosa linaloua alama ni kusahau tofauti kati ya kaskazini ya gridi na kaskazini ya dira. Ukikosea digrii 5 tu, baada ya km 1 utakuwa umepotoka kama mita 87, na msituni mita 87 zinatosha kupita kando ya kibao cha kituo unachokitafuta bila kukiona. Fanya hesabu hiyo mezani kabla ya kuondoka, iandike juu ya kila mguu wa safari.

La pili ni kuishikilia dira kama kipofu. Tazama umbo la ardhi. Kama kituo chako kiko mwanzo wa bonde, fuata kijito hadi juu, dira iwe ya kuthibitisha tu. Chagua pia kitu kilichoko mbele ya kituo, kama barabara au waya wa umeme: ukikifikia, ujue umepitiliza, rudi.

Amri: kiini cha kazi yote

Mwaka wa tatu unaanza kupewa uongozi kwa zamu: wiki hii kiongozi wa sekshini, wiki ijayo sajenti wa platuni, baadaye kamanda wa platuni yenye watu thelathini na zaidi. Jeshi limepanga hatua nane kwa kiongozi aliyepewa kazi: pokea kazi, toa amri ya awali, tengeneza mpango wa kwanza, anzisha mwendo unaohitajika, fanya upelelezi, kamilisha mpango, toa amri kamili, simamia. Kuzikariri si kazi. Kazi ni kuzitekeleza saa inapokimbia.

Kanuni inayookoa ni ya theluthi. Kiongozi atumie theluthi moja ya muda uliopo, theluthi mbili awaachie walio chini yake. Tuseme umepokea kazi saa 0800 na platuni lazima ivuke mstari wa kuanzia saa 1400. Una dakika 360. Zako ni 120, kwa hiyo saa 1000 amri kamili iwe imekwisha kutolewa. Amri yenyewe huchukua dakika 35 hivi, basi uanze saa 0925. Amri ya awali iwe imetoka kabla ya saa 0815. Umebaki na dakika 70 tu za kufikiri na kuandika. Viongozi wa sekshini nao wana dakika 240 mbele yao na wanabanwa na theluthi ile ile: dakika 80, hadi saa 1120. Askari wa mwisho anabaki na saa mbili na dakika 40 za kuandaa vifaa, kula, kufanya majaribio ya kazi yenyewe na kukaguliwa.

Sasa tazama kinachotokea kamanda akitaka mpango uwe mzuri zaidi, akatoa amri saa 1130. Kiongozi wa sekshini anabaki na saa mbili na nusu kwa kila kitu, majaribio yanafutwa, redio hazipimwi, na mtu wa tisa anakwenda msituni akimfuata aliye mbele yake bila kujua kwa nini. Mpango wa wastani uliotoka saa 1000 unaushinda mpango bora wa saa 1130, na wakufunzi wanajua hivyo.

Kwa anayefikiri kwa Kiswahili kuna mtego hapa, tena mkubwa. Sisi huanza kuhesabu saa jua likichomoza. Ukiambiwa 1000, ubongo unaweza kuandika saa nne, ambayo ni sawa, au saa kumi, ambayo ni 1600. Tofauti ni saa sita kamili. Tarakimu zile nne ziandike kama zilivyotamkwa, usizitafsiri kichwani, na unapozungumza na ndugu yako Mswahili ndani ya platuni, taja saa kwa mtindo wa jeshi hata kama mengine mnasema kwa Kiswahili.

Amri ya awali ni fupi: kazi ni nini, lini tunaondoka, wapi na saa ngapi amri kamili itatolewa, nani aanze kufanya nini sasa. Usisubiri kujua yote. "Kila mtu lita 2 za maji, sekshini ya kwanza ikachukue risasi baridi, sajenti apime redio" ni maneno yanayotosha kuwaweka watu thelathini kazini wakati wewe umeinamia ramani.

Amri kamili ina aya tano: hali, kazi, utekelezaji, mahitaji na huduma, kisha uongozi na mawasiliano. Aya ya kazi ni sentensi moja yenye nani, nini, wapi, lini na kwa nini. Kwa mfano: Platuni ya Pili itamvizia adui penye njia panda, gridi 4512 8734, ifikapo 1600, ili chakula na risasi visifike kambini kwake. Isome mara mbili, polepole. Ile "ili" ya mwisho ndiyo roho ya sentensi. Njia panda ikiwa tupu na adui akionekana mita 300 kaskazini, askari aliyeisikia "ili" atajua la kufanya hata kama wewe umeshahesabiwa majeruhi.

Aya ya utekelezaji hudai nusu ya muda wako. Eleza kwa mpangilio wa matukio: kutoka hapa hadi mahali pa kukusanyika, kutoka hapo hadi penye shabaha, kazi yenyewe, kurudi. Kila sekshini isikie jina lake na kazi yake. Taja ishara ya kuanza kufyatua na ya kusimamisha, pamoja na ishara ya pili endapo ya kwanza haitasikika. Makadeti wengi huruka aya ya nne. Halafu mtu anaumia, na hakuna anayejua nani anabeba machela wala majeruhi anapelekwa wapi.

Ramani ya mchanga

Amri isiyo na picha husahaulika. Safisha kipande cha ardhi cha mita 2 kwa 2. Weka mshale wa kaskazini na uuelekeze kaskazini ya kweli ya pale mlipo, ili anayeitazama asigeuze kichwa. Tandaza nyuzi kwa gridi. Chonga vilima kwa mkono, mito iwe uzi wa buluu, barabara unga au chokaa. Sekshini zako ziandike kwenye vipande vya kadi vilivyofungwa kwa plastiki, zikiwa na rangi moja, adui rangi nyingine. Vifaa vyote vienee kwenye mfuko mmoja usiozidi kilo moja, uutengeneze nyumbani kabla ya zoezi.

Mpe kazi hiyo kadeti wa mwaka wa kwanza mara baada ya amri ya awali, umwonyeshe ramani, umpe dakika 40. Wewe usichonge. Kamanda anayepiga magoti kupanga majani wakati mpango haujaisha amechagua kazi rahisi akaacha yake.

Ukimaliza kutoa amri, usiulize kama kuna swali. Watu walio na baridi na usingizi watasema hapana. Mwite mmoja mmoja, ukianzia na mdogo: wewe kazi yako ni nini, utaingia upande gani, ishara ya kusimamisha ni ipi? Akikosea, kosa ni la aliyetoa amri, na dawa yake ni dakika mbili za kurudia.

Kwenye majaribio anza na kazi iliyoko penye shabaha, mwendo uje mwisho. Muda ukikatika, mtakuwa mmefanya lililo zito.

Unapowaacha watu wako

Kila unapotoka kwenda kupeleleza, hata kwa dakika 20, mwache sajenti na mambo matano: unakwenda wapi, unaondoka na nani, utachukua muda gani, afanye nini usiporudi, na afanye nini mmoja wenu akikutana na adui. Kamanda anayeondoka kimya huirudisha platuni nzima kwenye kubahatisha. Isitoshe, wakufunzi hupenda kumtangaza kamanda kuwa amekufa wakati huo huo wa upelelezi, waone kama sajenti anaweza kuendelea.

Heshima, macho na sauti

Kijana aliyelelewa kumwamkia mkubwa kwa kuinamisha macho anakutana na mfumo unaopima mwonekano. Mkufunzi asiyejua malezi hayo anaweza kuandika kwamba kadeti hajiamini. Usiiache heshima yako, ila jifunze namna yake ya huku: simama wima, tazama usoni mwa anayekusemesha, jibu kwa sentensi kamili. Na ukitoa amri kwa wenzako wa rika, usiombe. "Jamani, mnaonaje kama tungesogea?" haifai katikati ya milio ya risasi. "Sekshini ya pili, mita 50 kulia, sasa" inafaa, na haina utovu wa adabu hata kidogo. Adabu yako itaonekana kwingine: kula mwisho, baada ya watu wako wote kupata chakula, na kushika lindo la saa ile mbaya ya alfajiri.

Baada ya kazi

Kila zoezi humalizika kwa kikao cha tathmini. Maswali ni manne: tulitakiwa kufanya nini, kilitokea nini, kwa nini, na wakati ujao tudumishe nini na turekebishe nini. Aliyekuwa kamanda azungumze mwisho. Akianza yeye, wengine watamlinda au watamshambulia, na sababu ya kosa itapotea njiani.

Kisha mkufunzi hukaa nawe peke yenu. Mpe matukio badala ya hisia. "Nilidhani nimefanya vizuri" haimsaidii. "Saa 0930 redio ya sekshini ya tatu ilikufa, nikamtuma mpeleka habari, amri ikafika baada ya dakika nne" inamsaidia kuandika, na wewe inakufundisha kujitazama. Ukipewa alama ndogo, uliza tendo gani lililoisababisha, liandike, na uombe nafasi nyingine ndani ya wiki mbili kabla halijapoa.

Fort Knox na mwaka wa mwisho

Majira ya joto kati ya mwaka wa tatu na wa nne, makadeti hupelekwa Fort Knox, Kentucky, kwa kambi ya zaidi ya mwezi. Huko utawekwa na watu usiowajua kutoka vyuo vingine, na utapewa uongozi bila kuonywa. Joto na unyevunyevu huchosha kuliko mwendo wenyewe, hivyo kunywa maji kabla ya kiu. Wanaofanya vizuri ni wale wanaosaidia hata siku isiyo ya zamu yao. Msaidie leo kamanda wa zamu kutengeneza ramani ya mchanga, na kesho zamu yako ikifika hutakuwa peke yako. Wenzako nao huulizwa maoni kuhusu wewe.

Mwaka wa nne unageuka mpangaji na mwalimu. Jifunze kunyamaza wakati kadeti wa mwaka wa tatu anakosea jambo lisilo la hatari, uliandike, ulilete kwenye tathmini. Jambo la usalama, kama bunduki iliyoelekezwa vibaya au mtu aliyeacha kutoka jasho kwenye joto kali, simamisha papo hapo.

Siku ya kamisheni utavishwa cheo cha luteni usu, na askari wa kwanza kukupigia saluti hupewa sarafu ya dola ya fedha mkononi. Mchague mapema, awe sajenti aliyekurekebisha zaidi katika miaka hiyo, umwombe wiki kadhaa kabla ili apate ruhusa kwa mkubwa wake, na sarafu uiweke katika mfuko wa kulia wa suruali, kwa kuwa mkono wa kulia ndio utakaompa nao unaposhikana naye.